Karl Weule: Mjerumani aliyepita Masasi na Newala na kamera ya filamu mwaka 1906

Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala, nchi inakatika ghafla mbele ya miguu yako. Chini kabisa unaliona bonde, na mbali zaidi, siku isiyo na ukungu, unaona upande wa mto Ruvuma na ardhi ya Msumbiji. Siku hizi kijana akifika pale jambo la kwanza ni kutoa simu mfukoni. Anachukua video ya nusu dakika, anamtumia ndugu yake aliyeko Dar es Salaam, na jioni hiyo hiyo ndugu anauliza nauli ya basi ni kiasi gani.

Ndivyo picha inayotembea ilivyo. Inamkuta mtu amekaa kwake, inamtia hamu ya kwenda asipopajua. Kamera iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ilipita katika nchi yetu zamani sana, kabla ya babu zetu wengi kuzaliwa. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule alitoka Lindi akapanda hadi Masasi, Chingulungulu, Newala na Mahuta. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi, na ndani ya mizigo hiyo kulikuwa na kamera ya picha za kawaida, mashine ya kunasa sauti, na kamera ya filamu. Picha alizochukua ni miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa za maisha ya watu katika Afrika Mashariki.

Leo tunasimulia maisha ya mtu huyo, kwa sababu ndani yake kuna swali linalotuhusu sisi tunaoishi huku na wewe mwenye simu mkononi: picha ya kwetu ikisafiri, nani anaamua ionyeshe nini?

Mtu wa makumbusho

Karl Weule alizaliwa tarehe 29 Februari mwaka 1864, katika kijiji cha Alt-Wallmoden, karibu na mji wa Goslar, Ujerumani. Tarehe hiyo huja mara moja kila miaka minne. Hakuwa mtoto wa mjini wala wa nyumba ya kifahari. Alisoma jiografia na historia, na elimu hiyo ndiyo iliyompeleka Berlin kufanya kazi katika makumbusho makubwa ya mila na desturi za watu wa dunia.

Kwa wale ambao hawajawahi kuingia makumbusho ya namna hiyo, tueleze kidogo. Ni nyumba inayokusanya vitu vya watu: vyungu, mikeka, mikuki, ngoma, vinyago, nguo, vitanda, hata mitego ya samaki. Kila kitu hupewa namba na kuandikwa kimetoka wapi. Miaka ile Ujerumani ilikuwa imeshika makoloni, nasi tukiwa mojawapo, na vitu vilikuwa vinamiminika Ulaya kwa masanduku. Weule aliishi katikati ya masanduku hayo. Alivijua vitu vya Waafrika kabla ya kumwona Mwafrika akivitumia.

Mwaka 1899 alihamia makumbusho ya mji wa Leipzig. Huko alifanya kazi kwa bidii, akafundisha chuo kikuu, akaandika. Lakini mtu anayesimulia safari za wenzake kila siku, mwishowe huitamani yake. Weule alikuwa na umri wa miaka 42 alipoipata.

Safari iliyogeuzwa njiani

Leipzig ulikuwa mji wa Hans Meyer, mchapishaji tajiri ambaye mwaka 1889 alifika kilele cha Kilimanjaro. Meyer alikuwa na sauti katika kamati ya serikali ya Ujerumani iliyoshughulikia uchunguzi wa makoloni. Kamati hiyo ndiyo iliyomtuma Weule Afrika Mashariki.

Mpango wa kwanza haukuwa kuja kwetu. Weule alipangiwa kwenda kaskazini, upande wa Kondoa-Irangi na nchi ya Wairaqw. Alipofika Dar es Salaam mwaka 1906, habari zilikuwa kwamba huko kuna machafuko na njia si salama. Ikabidi achague upya. Akaelekezwa kusini, nyuma ya Lindi, nchi ya Wamakua, Wayao na Wamakonde. Kwa hiyo ilikuwa bahati tu, au bahati mbaya, kamera ile kupanda kwenye nyanda zetu.

Akapanda meli hadi Lindi, na mwezi Julai akaanza safari ya miguu kuelekea bara. Hakwenda peke yake. Alifuatana na Ewerbeck, mkuu wa wilaya ya Lindi wa serikali ya Kijerumani, pamoja na askari. Wapagazi wake walikuwa Wanyamwezi, watu waliosifika nchi nzima kwa kazi ya kubeba mizigo safari ndefu. Mnyapara wao aliitwa Pesa Mbili. Tunaomba ulikumbuke jina hilo. Bila mabega ya Pesa Mbili na wenzake, kamera isingefika hata nusu ya njia.

Masasi baada ya vita

Weule aliingia Masasi katika wakati mgumu. Mwaka mmoja tu kabla yake, Julai 1905, Vita vya Majimaji vilikuwa vimeanza upande wa Matumbi, vikaenea kusini kama moto wa kiangazi. Mwezi Agosti 1905 vilifika kwetu. Misheni ya Masasi, iliyoanzishwa mwaka 1876 na Waingereza wa UMCA pamoja na watu waliokombolewa utumwani, ilichomwa moto, na wamisionari wakakimbilia Lindi. Masasi ilikuwa imeshaonja maafa hapo nyuma pia, ilipovamiwa mwaka 1882 na wapiganaji wa Kingoni, ambao watu wa huku waliwaita Wamagwangwara.

Serikali ya Kijerumani iliuzima upinzani wa Majimaji kwa bunduki na kwa njaa. Mashamba yalichomwa, maghala yakachukuliwa, na watu wengi kusini walikufa kwa kukosa chakula kuliko kwa risasi. Mwaka 1906 makovu ya vita yalikuwa bado mabichi.

Ni muhimu kulishika jambo hili kabla hatujaendelea. Leo mtu akikujia na kamera unaweza kumwambia hapana, sitaki. Mwaka 1906, mgeni mweupe amefika kijijini akiongozana na mkuu wa wilaya na askari wenye bunduki, miezi michache tu baada ya vita. Mwenyeji gani angethubutu kukataa? Baadhi ya watu huenda walifurahia, maana ngoma ni furaha na mgeni ni mgeni. Lakini hatuwezi kusema waliombwa ruhusa kama tunavyoelewa ruhusa leo.

Masasi yenyewe ilimvutia Weule kwa milima yake ya mawe. Wewe unayeijua Mkomaindo na Mtandi huhitaji kuelezwa: miamba mikubwa imesimama uwandani kama iliyowekwa na mkono wa mtu. Chini ya miamba hiyo aliweka kambi, akaanza kupiga picha, kuandika, na kununua vitu.

Hapo Masasi pia alimpata msanii ambaye jina lake limehifadhiwa mpaka leo: Sulila, mwimbaji kipofu. Weule alimsimamisha mbele ya bomba la mashine ya sauti na kuunasa wimbo wake. Mashine ile ilifanya kazi kwa nta. Sauti iliingia kwenye bomba, sindano ikachora mistari midogo juu ya mzingo wa nta unaozunguka, na mistari ile ikipitiwa tena sauti inarudi. Kwenye joto la kwetu nta inalegea, kwa hiyo kazi ilikuwa na tabu zake. Hata hivyo nyimbo zilinaswa, za wenyeji na za wapagazi wa Kinyamwezi. Baadaye mtaalamu wa muziki huko Berlin, Erich von Hornbostel, alizichunguza zile za Wanyamwezi na kuandika juu yake.

Chingulungulu kwa Matola

Mwezi Agosti Weule alihamia Chingulungulu, uwandani chini ya nyanda za Makonde, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Huyu alikuwa Matola wa pili. Aliyemtangulia kwa jina hilo alikuwa na mji wake Newala, na alifariki mwaka 1895. Matola wa pili alikuwa mtu mwenye maarifa mengi juu ya historia ya watu wake, na sehemu kubwa ya yale Weule aliyoyaandika kuhusu Wayao ilitoka kwa wazee waliokaa naye barazani huko.

Alikuwapo pia Mzungu mwingine wa aina tofauti, Nils Knudsen kutoka Norway. Knudsen alikuwa amekaa miaka mingi kusini, akiishi na wenyeji, akizijua lugha na tabia zao. Weule alimtumia kama mkalimani na mwongozaji. Bila Knudsen, na bila wenyeji waliokubali kueleza, yule bwana wa makumbusho angeona mengi na kuelewa machache.

Hapa ndipo tunapomwona Weule alivyokuwa na sura mbili. Alikuwa msikilizaji mzuri. Aliandika majina ya watu, akawauliza asili yao, aliwapa wapagazi na wenyeji penseli na karatasi wachore wanachotaka, akazihifadhi hizo michoro. Wazungu wengi wa wakati ule hawakuona Mwafrika kama mtu mwenye historia ya kusimulia, yeye aliona. Lakini alikuja kwa kutumwa na serikali ya koloni, na maandishi yake yana dharau ya wakati ule, ya Mzungu anayejiona mtu mzima mbele ya watoto. Mambo yote mawili ni kweli, na hatufichi hata moja.

Newala: upepo, maji na siri za unyago

Septemba akapanda Newala. Mpandaji yeyote wa mlima ule anajua kinachofuata: baridi. Upepo wa jioni wa Newala, unaopanda kutoka bondeni jua likizama, ulimtesa mgeni huyu sana katika kazi zake. Na aliiona shida ambayo watu wa nyanda za Makonde wameijua vizazi na vizazi, shida ya maji. Juu ya nyanda ardhi inanyonya mvua na mito hakuna. Maji yako chini, pembeni mwa miteremko, na wanawake walishuka na kupanda na vyungu kichwani.

Weule alijiuliza swali ambalo kila mgeni hujiuliza: kwa nini watu waishi mbali na maji? Katika kitabu chake kuna simulizi ya asili ya Wamakonde, ambayo wazee wengi wanaijua. Hapo mwanzo palikuwa na mtu mmoja porini, hakuoga wala hakunyoa. Akachonga mti sura ya mwanamke, akausimamisha, na asubuhi ukawa mwanamke hai. Wakaishi bondeni karibu na maji, lakini watoto wao wawili wa kwanza hawakuishi. Walipohamia juu, mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo ikawa agizo la wahenga: kaeni juu, msikae bondeni kwenye maji mengi, huko kuna ugonjwa na kifo. Ukiifikiria vizuri simulizi hiyo, utaona kuna mbu ndani yake, na kuna wavamizi waliopita na njia za mabondeni. Na utaona pia kwamba Mmakonde wa kwanza alikuwa mchongaji.

Weule aliona vinyago vya mapiko, aliona wachezaji wa miguu mirefu ya miti, aliona wanawake wenye ndonya mdomoni na chale usoni. Aliviandika vyote, na vinyago akavinunua. Lakini jambo lililomshika kuliko yote lilikuwa jando na unyago. Aliuliza sana juu yake, akahudhuria ngoma za unyago wa wasichana, akapiga picha, na mwishoni akachapisha maelezo marefu.

Hapa tunasimama kidogo. Msikilizaji wetu wa Newala, Tandahimba au Masasi anajua kwamba unyago una mambo ya hadharani na mambo ya ndani. Ngoma ya kuwatoa wali kila mtu anaitazama. Mafunzo ya ndani si ya kila sikio. Kungwi hayasemi sokoni. Mgeni wa 1906 aliona ni ushindi wa elimu kuyapata na kuyachapa kwenye kitabu kwa ajili ya wasomaji wa Ulaya. Kwa wenyewe huenda ilikuwa kama mtu kuingia chumba cha ndani na viatu. Sisi hapa hatutayarudia hayo ya ndani, ingawa yamekwisha chapwa zaidi ya miaka 100. Kuchapwa kwa siri hakuifanyi iwe mali ya wote.

Kamera ilivyokuwa

Kamera ya filamu ya siku zile haikuwa na betri wala kioo cha kutazamia ulichochukua. Ilikuwa sanduku juu ya miguu mitatu. Mpigaji alizungusha mkono wa chuma kwa mwendo ule ule, asiharakishe wala asichelewe, na ndani ukanda ulipita mbele ya lenzi. Ukanda ulikuwa mfupi, ukaisha haraka. Haukunasa sauti. Ulitaka jua kali, kwa hiyo ngoma za usiku, ambazo ndizo zenye moto wake, hazikuwezekana. Joto, vumbi na unyevu vilikuwa maadui. Kwa hiyo kilichonaswa ni ngoma za mchana, vipande vifupi, watu wakicheza kwa mgeni anayezungusha mkono.

Fikiria basi kinachokosekana. Sauti haipo. Usiku haupo. Vita vya mwaka jana na njaa yake havipo. Mtu akitazama filamu ya ngoma ataona nchi yenye furaha. Haoni ghala lililochomwa nyuma ya wachezaji. Hiyo si kusema filamu inadanganya. Walicheza kweli. Ila kamera huonyesha pale ilipoelekezwa tu.

Kurudi Leipzig

Oktoba Weule alikuwa Mahuta, kisha akashuka pwani. Akarudi Ujerumani na mzigo mkubwa: picha kwa mamia, sauti kwenye nta, filamu, michoro ya penseli, na vitu vya matumizi ya watu wetu. Mwaka 1907 akawa mkurugenzi wa makumbusho ya Leipzig. Mwaka 1908 akatoa matokeo yake kwa wasomi, na pia kitabu cha safari kwa wasomaji wa kawaida, kuhusu maisha ya watu weusi wa Afrika Mashariki. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1909 na Alice Werner, mwanamke msomi aliyejulikana sana kwa kazi yake juu ya Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika.

Weule alipenda kuandikia watu wa kawaida. Alitoa vitabu vidogo vya bei nafuu, na kimoja cha mwaka 1910 kilibeba jina lenye maana ya utamaduni wa watu wasio na utamaduni. Jina hilo peke yake linaonyesha mkanganyiko wa mtu huyu na wa zama zake. Alitumia maisha yake kuthibitisha kwamba watu hao wana utamaduni, na bado hakuweza kuacha kuwaita wasio nao.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na vita hiyo ikaifuata njia ile ile aliyopita. Mwaka 1916 Wareno walivuka Ruvuma wakaiteka Newala, na kabla mwaka haujaisha Wajerumani wakaichukua tena. Mwaka uliofuata majeshi ya Kiingereza na Kijerumani yalipigana katika nchi ya Lindi na Masasi, na mwezi Novemba 1917 Wajerumani wakavuka Ruvuma kukimbilia Msumbiji. Wapagazi wakabebeshwa tena mizigo, safari hii ya risasi, na wengi hawakurudi makwao. Ujerumani ikapoteza makoloni yake.

Huko Leipzig, Weule aliendelea. Alikuwa ameanzisha taasisi ya utafiti mwaka 1914, na mwaka 1920 akapewa cheo cha profesa kamili wa elimu ya mila za watu, wa kwanza wa aina hiyo katika Ujerumani. Mwaka 1925 ujenzi wa nyumba mpya ya makumbusho, iitwayo Grassi, ulianza. Hakuiona ikikamilika. Alifariki Leipzig tarehe 19 Aprili mwaka 1926, akiwa na miaka 62. Nyumba ilimalizika mwaka 1929. Tarehe 4 Desemba 1943, katika Vita ya Pili, mabomu yaliupiga mji wa Leipzig na makumbusho yakaungua, na sehemu kubwa ya vitu vyake ikapotea. Hivyo kuna vitu vilivyotoka Afrika salama, vikavuka bahari, vikaja kuteketea kwa moto wa vita isiyowahusu waliovitengeneza.

Picha inayomtoa mtu nyumbani

Hatusemi filamu za Weule zilijaza meli watalii wa kuja Masasi. Hazikufanya hivyo. Zilikuwa za wasomi. Lakini njia aliyoifungua imefuatwa na wengine, na nchi yetu imeona nguvu yake.

Mwaka 1959 Mjerumani mwingine, Bernhard Grzimek, alitoa filamu juu ya wanyama wa Serengeti, aliyoitengeneza pamoja na mwanawe Michael. Michael alikufa Januari mwaka huo ndege yake ilipoanguka, akazikwa Ngorongoro. Filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na pamoja na vipindi vya Grzimek vya televisheni ikawafanya Wajerumani wengi wafunge safari kuja kuona nyumbu na simba. Miaka michache baadaye, mwaka 1962, ikatoka filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, iliyopigwa upande wa Arusha, nayo ikawavuta wengine. Na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alionekana katika filamu ya Royal Tour, akimtembeza mgeni nchini kwa lengo hilo hilo la kuita wageni.

Filamu hizo zina faida. Mgeni akija, kuna anayeuza chakula, anayeendesha gari, anayeongoza njia, anayelaza. Lakini zile za kaskazini zina somo pia. Filamu ya Serengeti ilionyesha wanyama kama vile nchi haina watu, ilhali Wamasai waliokuwa wakiishi humo waliondolewa miaka hiyo hiyo ili hifadhi ibaki ya wanyama. Mtazamaji wa mbali hakuliona hilo, kama vile mtazamaji wa filamu za Weule asivyoiona Majimaji.

Kamera imehama mkono

Mwaka 1906 kamera ilikuwa moja, na ilikuwa mkononi mwa mgeni. Leo ziko vijiji vyote. Hilo ndilo badiliko kubwa, na ndiyo sababu tumesimulia maisha haya.

Ukienda Shimo la Mungu, au chini ya mawe ya Masasi, au kwenye warsha ya mchongaji wa mpingo, au msimu wa korosho mikorosho ikiwa imejaa mabibo mekundu, wewe sasa ndiye unayeamua kamera ielekee wapi. Tunashauri mambo matatu tu, tuliyoyapata kwa kumtazama Weule.

La kwanza, taja majina. Leo tunamjua Sulila na Pesa Mbili kwa sababu mtu aliandika majina yao. Wachezaji wengine wote waliobaki kwenye picha hatuwajui, wala wajukuu wao hawajui kwamba yule ni bibi yao. Video yako ikiwa na jina la mchongaji au la mcheza ngoma na kijiji chake, itamfaa yeye na watoto wake.

La pili, omba ruhusa, na ukubali kukataliwa. Hasa kwenye jando na unyago. Kuna ya kuonyesha na kuna ya kuacha ndani, na wanaojua mpaka uko wapi ni manyakanga na makungwi, si mwenye simu.

La tatu, onyesha na yale yasiyopendeza. Mgeni akivutwa na mandhari ya Newala, ajue pia habari ya maji na hali ya barabara. Atakayekuja akijua ukweli atakuwa mgeni mwema kuliko aliyedanganywa na picha.

Karl Weule amelala kaburini kwa takriban miaka 100. Sauti ya Sulila iliyochorwa kwenye nta, na picha za watu waliocheza chini ya jua la 1906, zilikwenda mbali na kwao. Waliocheza ni wazee wa watu wanaosoma makala hii. Yako maswali ya haki juu ya wapi vitu hivyo vinapaswa kuwa na nani anaruhusiwa kuvitazama, na tungependa yaulizwe na watu wa huku kwa sauti. Wakati tunayauliza, tuanze na kilicho karibu. Mwulize bibi yako jina la ngoma aliyochezewa alipotolewa mwali, na jina la mpigaji wake. Akikubali uandike, andika. Akisema hilo ni la ndani, zima simu, kaa naye, msikilize.